Jirani amenialika Mabon: nikienda nitakuwa nimeshiriki uchawi?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, naishi kaskazini mwa Uingereza, kazi yangu ni kutunza wazee. Jirani yangu, mama mmoja mpole ambaye mtoto wake anasoma na binti yangu wa miaka tisa, ametualika kwake jioni moja mwishoni mwa Septemba. Amesema wao ni wapagani, wanasherehekea Mabon, kutakuwa na moto bustanini, mkate na matunda, na kila mtu alete chochote cha kula. Mimi ni Mlutheri. Nilipomsimulia dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi alishtuka. Akasema hiyo ni sikukuu ya wachawi, ya kale kuliko Ukristo, na kwamba mtoto atawekewa vitu kwenye chakula. Sasa hata kumsalimia jirani naona tabu. Je, ni kweli? Naweza kwenda bila kushiriki? Nikikataa nimwambieje? Na nikienda nibebe nini?"

Marahaba, dada yangu. Naona una mambo matatu yanayokusumbua kwa wakati mmoja: imani yako, usalama wa binti yako, na ujirani ambao hutaki uvunjike. Yote matatu ni mazito na yote nitayajibu. Niruhusu nianze na sikukuu yenyewe, kwa sababu mengi uliyoambiwa yangepungua makali kama aliyekuambia angekuwa anajua inahusu nini.

Mabon inafuata jua. Wewe mwenyewe umeshaishi huko, unajua: Julai unatoka zamu saa tatu usiku na mwanga bado upo, Desemba saa kumi jioni taa za barabarani zimeshawaka. Hii inatokana na dunia kuzunguka jua ikiwa imeinama kwa nyuzi 23.4. Nusu ya mwaka upande wa kaskazini unalielekea jua, nusu nyingine unalipa kisogo. Mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, hakuna upande uliopendelewa. Jua linakuwa juu ya mstari wa ikweta, na mtu aliyesimama Nanyuki saa sita mchana anaweza kukikosa kivuli chake. Siku hiyo wanaastronomia wanaiita ikwinoksi. Usiku na mchana vinakaribia kulingana dunia nzima, ingawa mchana bado unazidi kwa dakika chache, kwa kuwa hewa inapinda mwanga na tunaliona jua kabla halijachomoza hasa.

Kwetu siku hiyo inapita bila mtu kugeuza shingo. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki saa moja. Sisi mwaka wetu tumeuhesabu kwa mvua, masika na vuli. Huko uliko hali ni nyingine. London mwishoni mwa Septemba inapoteza karibu dakika nne za mwanga kila siku, maana yake karibu nusu saa kwa wiki, na kaskazini mwanga unapungua kwa kasi zaidi. Watu wanaona kwa macho yao giza likilishinda jua, majani yanapukutika, matufaha yanaanguka yenyewe mtini. Kutaka kukusanyika wakati kama huo, kula kilichovunwa na kujiandaa kwa baridi, ni jambo ambalo mkulima yeyote wa Rungwe au Lushoto angelielewa bila kufafanuliwa.

Tarehe inacheza kati ya Septemba 22 na 23, kwa kuwa mwaka una siku 365 na karibu saa sita za ziada. Mwaka 2025 jua lilivuka ikweta Septemba 22, saa moja na dakika 19 jioni kwa saa za Uingereza. Mwaka 2026 linavuka usiku wa kuamkia Septemba 23, baada tu ya saa saba usiku. Wengi hawajali dakika hizo, wanachagua mwisho wa wiki ulio karibu. Na wapagani wa Australia, ambako Septemba ni majira ya kuchipua, sikukuu hii huifanya Machi.

Sasa hili la "ya kale kuliko Ukristo". Lina ukweli nusu, na hiyo nusu inapotosha. Kushukuru kwa mavuno ni jambo la kale sana kwa karibu kila jamii duniani. Lakini Mabon kama sikukuu yenye jina hilo ina umri wa mtu mzima anayekaribia kustaafu.

Upagani wa kisasa wa Uingereza ulijitokeza hadharani katika miaka ya 1950. Sheria ya zamani dhidi ya uchawi ilifutwa mwaka 1951, na mwaka 1954 Gerald Gardner, ofisa mstaafu wa forodha aliyefanya kazi miaka mingi katika nchi ya Malaya (leo ni sehemu ya Malaysia), akachapisha kitabu akidai amekuta mabaki ya dini ya kale ikiendelea kwa siri. Dini aliyoieneza leo inaitwa Wicca. Rafiki yake Ross Nichols, aliyeanzisha mwaka 1964 jumuiya ya Wadruidi, yaani wapagani wanaojinasibisha na makuhani wa kale wa Waselti, alikuwa na mawazo yanayofanana na yake kuhusu majira. Kati ya watu hao ndipo ulipokamilika mzunguko wa sikukuu nane za mwaka ambao wapagani wengi wanaufuata sasa: nne zinafuata jua, nne zimekaa katikati yao. Wanahistoria, na hasa Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol, wamechunguza dai la mnyororo usiokatika tangu enzi za kabla ya Ukristo, na mnyororo huo haupo. Vipande vingine ni vya kale kweli, lakini aliyeviunganisha ni mtu wa karne ya 20. Wapagani wengi waliosoma wanalikubali hilo bila shida yoyote.

Jina Mabon lilikuja baadaye zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani mmoja wa California, Aidan Kelly, alikuwa anatengeneza kalenda ya sikukuu hizo nane. Nyingine nyingi zilikuwa na majina ya kuvutia, ile ya Septemba ilikuwa inaitwa ikwinoksi tu. Akatafuta hadithi ya Ulaya kaskazini inayofanana na ile ya Wagiriki ya Persephone, binti aliyechukuliwa chini ya ardhi na mama yake akamlilia hadi mimea ikakauka. Akaipata Wales.

Hadithi yenyewe ni nzuri, na huenda ukaisikia bustanini, kwa hiyo nikusimulie. Mabon mwana wa Modron aliibwa kutoka kwa mama yake akiwa na umri wa siku tatu, asijulikane alipo. Watu wa Mfalme Arthur wanapomtafuta wanamuuliza ndege mweusi ambaye ni mzee mno. Anawaelekeza kwa paa dume aliye mzee kuliko yeye. Paa anawapeleka kwa bundi, bundi kwa tai, na tai kwa samaki aina ya samoni, mzee kuliko viumbe wote. Samoni ndiye anayejua. Amekuwa akipanda mto na maji kila yanapojaa na kusikia kilio nyuma ya ukuta wa ngome ya Gloucester. Anawabeba wawili mabegani mwake hadi hapo, na Mabon anakombolewa. Katika masimulizi hayo ya kale hakuna mavuno wala Septemba. Kelly ndiye aliyeyaunganisha, kwa sababu mtoto aliyepotezwa gizani na kurudishwa alimfaa kwa majira hayo.

Kwa sababu hiyo wapo wapagani wasiolipenda jina hilo. Wadruidi huiita siku hiyo Alban Elfed, jina walilorithi kwa Iolo Morganwg, mshairi wa Wales wa karne ya 18 ambaye alitunga mambo mengi na kuyapitisha kama ya kale. Mwaka 1792 Iolo huyo alifanya kusanyiko lake katika kilima cha Primrose Hill, London, na hadi leo kuna Wadruidi wanaopanda kilima hicho kwa majoho meupe kila ikwinoksi ya Septemba, mchana kweupe, watu wakipita na mbwa wao. Wafuasi wa miungu ya Kiskandinavia wengi husubiri Oktoba, kwa kuwa kalenda ya kale ya kwao iliyaanza majira ya baridi wakati huo. Mpagani mmoja si picha ya wote. Katika sensa ya mwaka 2021, watu wapatao 74,000 wa England na Wales walijiandikisha kuwa wapagani, na wengine kama 13,000 wakaandika Wicca. Hawana askofu mkuu wala kitabu kimoja kitakatifu.

Na kabla hujaona ajabu mno, kumbuka sikukuu ya mavuno kanisani kwenu: mikungu ya ndizi mbele ya madhabahu, kuku amefungwa miguu, mnada baada ya ibada na wazee wakishindana bei kwa ajili ya boga moja. Nchini Uingereza, ibada ya mavuno ya namna inayojulikana leo ilianzishwa na kasisi Robert Hawker huko Cornwall mwaka 1843. Makunduchi nako, Waislamu wa Unguja hukoga mwaka kila Julai, wanachoma kibanda cha makuti na kupigana kwa migomba, katika sherehe ambayo asili yake ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi. Na Nairuzi ya Iran yenyewe huangukia ikwinoksi ya Machi. Sisemi vitu hivi ni kitu kimoja. Nasema tu kwamba moto, mazao na mabadiliko ya mwaka havitoshi peke yake kuthibitisha uchawi.

Sasa tuingie bustanini kwa jirani. Siwezi kukuapia atafanya nini, maana kila nyumba ina mpangilio wake, ila mikusanyiko ya namna hii inafanana. Kutakuwa na meza iliyopambwa kwa rangi za majira: majani mekundu, masuke ya ngano, boga, beri nyeusi, zabibu, karanga ngumu za msituni. Pengine mishumaa miwili, mweupe na mweusi, kwa ajili ya mchana na usiku vilivyolingana. Jua likishazama, waliopo wanasimama duara. Mmoja anageukia mashariki, kusini, magharibi na kaskazini, na kila upande anautamkia maneno ya kuukaribisha: hewa, moto, maji, ardhi. Huenda akaita mungu wa kiume na wa kike wa mwaka. Kisha mara nyingi tufaha hukatwa kwa upana, kisu kikipita katikati ya tumbo lake badala ya kuanzia kwenye kikonyo, na ndani mbegu zinaonekana zimejipanga kama nyota ya pembe tano. Kipande kinagawiwa kila mtu. Kila mmoja anataja kitu alichovuna mwaka huo, labda kazi, kupona, mtoto kufaulu, na kitu anachokiacha. Mkate na kikombe vinazungushwa, mara nyingi pombe ya matufaha au maji ya matunda, na tone la mwisho linamwagwa chini ya mti. Baada ya hapo ni chakula, porojo na watoto kukimbizana.

Umeona ilipo ibada hapo. Ipo kwenye duara, kwenye kuita pande nne, kwenye mkate na kikombe vinavyotolewa kwa miungu. Chakula cha baadaye ni chakula. Tofauti hii ndiyo itakayokusaidia kuamua, na nitairudia hivi punde.

Kuhusu uchawi nikueleze bila kuficha. Wafuasi wengi wa Wicca hujiita kwa neno ambalo kwa Kiingereza ndilo hilo la mchawi, na baadhi yao hufanya matendo ya kunuia: mshumaa, maneno, mitishamba, wakiamini nia yao itapata nguvu. Kwa hiyo dada wa maombi hakuokota neno hewani. Lakini tunachokiogopa sisi, mtu anayeroga jirani kwa wivu, anayeua kwa sumu au kuwatumia wengine mizimu, sicho hicho. Kanuni yao kuu ni kutomdhuru mtu. Shetani hayumo katika imani yao kabisa. Mungu wao mwenye pembe alitokana na miungu ya misitu na mifugo. Wicca haina kuchinja. Na kwa kuwa utasikia hilo nalo, ni kweli wapo wa njia ya Gardner wanaofanya ibada wakiwa utupu, ila hiyo ni kwa walioingizwa rasmi, faragha, watu wazima kwa watu wazima. Hakuna anayeialika familia ya mtaani na sahani ya chakula kwa ajili ya hayo.

Mtoto kuwekewa vitu kwenye chakula: sijui mafundisho yoyote ya kipagani yanayoagiza hivyo, na mtu mwenye nia hiyo asingekualika wewe mama yake ukae pembeni. Hatari za jioni hiyo ni zile zile za sherehe yoyote ya bustani ya Kiingereza: moto usio na uzio, pombe iliyowekwa mezani ambayo mtoto anaweza kudhani ni maji ya tufaha, na karanga kama ana mzio. Hizo ndizo ningezikodolea macho.

Sasa uamuzi. Mimi ni mwalimu wa masomo ya dini, si mchungaji wako, kwa hiyo nitakuonyesha njia na kukuambia naiona vipi kila moja.

Paulo aliwahi kuulizwa jambo linalokaribia kabisa la kwako, na jibu lake lipo 1 Wakorintho 10:27-28. Asiyeamini akikualika na ukapenda kwenda, kula unachowekewa bila kuuliza-uliza. Lakini mtu akikuambia kitu hiki kimetolewa sadaka, usile. Ukiichukua hivyo, kuna mlango wa kati: fika baada ya duara, au kaa ndani ya nyumba na watoto linapoendelea, usichukue mkate na kikombe cha ibada, kisha kaa mezani ule pamoja nao. Kwa Mkristo mwenye dhamiri kama yako, ambaye pia anampenda jirani yake, mimi naona hii ndiyo njia inayobeba zaidi. Ina gharama moja: binti yako atauliza maswali, na lazima uwe na majibu. Mwambie kabla hamjatoka kwamba familia ya rafiki yake ina imani tofauti, kwamba ninyi mtakula nao lakini hamtaomba nao, na kwamba hilo si tusi kwao.

Kusimama ndani ya duara kama mtazamaji kimya ni jambo jingine. Wapo Wakristo wanaofanya hivyo kama vile mgeni anavyokaa nyuma msikitini au hekaluni. Lakini duara halina viti vya nyuma. Ukishasimama ndani yake unahesabiwa kuwa sehemu yake, na kipande cha tufaha kitakufikia mkononi. Kwa hofu uliyonayo sasa, nisingekushauri. Msomaji Mwislamu aliye katika hali kama yako ana mambo mawili ya kumpelekea imamu wake: chakula kilichotolewa kwa asiyekuwa Mungu, na pombe kuwepo mezani.

Kutokwenda kabisa nako ni haki yako, na hakukufanyi mtu mbaya. Kinachovunja ujirani ni kukwepa macho. Mwandikie ujumbe mfupi: umefurahi kualikwa, imani yako haikuruhusu kushiriki ibada nyingine, lakini mtoto wake karibu kwenu Jumamosi inayofuata, utapika pilau. Wapagani wamezoea kukataliwa kwa kashfa. Ukweli uliosemwa kwa heshima wataupokea vizuri.

Vyovyote utakavyoamua, kwanza ongea na mwenyeji. Muulize waziwazi: duara linaanza saa ngapi na linachukua muda gani? Tunaweza kuja kwa chakula tu? Kuna chakula kitakachowekwa wakfu? Mpagani wa kawaida atafurahi kuulizwa, maana wengi wanashauriwa kutomwingiza mtu katika ibada bila ridhaa yake, na kutafuta waumini kwa nguvu ni jambo wanalolichukia.

Hapa kuna mipaka isiyohitaji mjadala. Ukiambiwa jambo liwe siri kati yao na mtoto, ukitakiwa kula kiapo, kutoa fedha, au kumwacha binti yako peke yake, mchukue muondoke. Hayo hata kwenye kanisa lako ungeyakataa. Likimhusu mtoto moja kwa moja, zungumza na mwalimu wa shule anayeshughulikia ulinzi wa watoto, au polisi.

Na liepuke hili sana: usimwite jirani mchawi kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, wala kazini kama naye yupo au wenzake wapo. Mama huyu hajakukosea. Zaidi ya hapo, sheria ya usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inalinda dini na imani, ya kwake sawasawa na ya kwako, na mfanyakazi anayemkejeli mwenzake kwa imani yake anaweza kupoteza kazi. Najua wanawake wetu wengi huko vibali vyao vya kuishi vimefungwa kwenye ajira. Neno moja la hasira linaweza kukugharimu nyumba nzima.

Mengine yanataka mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Mweleze mchungaji wako habari yote, siyo kwa simu ya dakika mbili. Kama unaye wa nyumbani na wa huko, anza na wa huko, kwa kuwa ameshakutana na majirani wa namna hii. Kama hofu imefika mahali hulali, moyo unakwenda mbio, au kila mtoto akipiga chafya unahisi amerogwa, nenda kwa daktari wako wa mtaa umwambie hivyo hivyo. Kufanya kazi za zamu mbali na ndugu, huku giza linaongezeka kila siku, kunachosha akili za watu wengi sana, na kuna msaada.

Umeuliza ubebe nini. Maandazi yatatosha, au sinia la matunda. Baadhi ya wapagani hawali nyama, kwa hiyo ukitaka kupeleka sambusa ziwe za mboga, na mtajie kama kuna karanga au maziwa. Kama hamtumii pombe nyumbani kwenu, beba chupa yenu ya maji ya matunda na mmiminiane humo. Mwishoni mwa Septemba jua huko linazama karibu saa moja jioni na baridi inashuka haraka, hivyo mvalishe binti koti na viatu vya kufunika. Nyasi zitakuwa zimelowa.